Shimo Tulilochimba Wenyewe

Siku hizi siwezi kuoga mahali ambapo sioni chini. Nikiwekewa karai la maji yenye sabuni, naingiza mkono kwanza, nagusa bati, ndipo nainama. Mara ya kwanza mke wangu alicheka. Akaniambia, "Hilo karai nililinunua soko ya Kiritiri, baba, halina mamba." Mara ya pili hakucheka, kwa sababu aliniona nikilipapasa bati mara tatu kabla ya kuinama.

Nitaeleza ilivyokuwa na nitasema ni akina nani waliokosa. Majina sitataja. Huku kwetu tunajuana, na wenye makosa wakisoma watajijua. Shule nilifika darasa la nne, kwa hivyo msinitafutie makosa ya kuandika, tafuteni makosa ya hao watu. Na mmoja wao ni mimi. Nalisema sasa ili mtu asidhani nililificha. Tuliingia kwenye maji watu wawili, mimi na ndugu yangu mdogo, na nikatoka peke yangu kwa sababu nilisimama juu ya bega lake.

Kazi yetu ilikuwa kupakia mchanga. Mto wetu ni wa msimu. Miezi mingi ya mwaka hauna tone, ni barabara nyeupe tu ambayo mbuzi hupita wakitafuta maganda ya migunga. Malori yanatoka Embu, mengine yanatoka Meru, yanashuka mpaka ukingoni, nasi tunayajaza kwa beleshi. Mnachimba shimo pale pale mtoni. Shimo likipita kimo cha mtu, yule aliye chini hawezi tena kurusha mchanga ukafika kwa lori. Kwa hivyo mnaacha kipande cha mchanga kikitokeza katikati ya ukuta, upana kama wa milango miwili. Sisi tunakiita meza. Mtu wa chini anarusha juu ya meza, na mtu wa mezani anaokota pale na kurusha kwa lori. Ndivyo mchanga unavyopanda, kama unapanda ngazi.

Mimi nilikuwa mtu wa chini, ndugu yangu mtu wa mezani. Tulifanya hivyo miaka sita. Nilikuwa narusha bila kuinua macho, kwa sababu nilijua alipo kwa pumzi yake. Alikuwa mrefu, mwenye miaka thelathini na minne, baba wa watoto watatu, na mdomo wake haukosi utani. Kitu kimoja tu alikiogopa, na hicho ni maji. Tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi, aliona mto ukishuka ghafla na kubeba punda wa jirani, akiwa na mitungi yake mgongoni. Punda alikuwa anatuangalia. Tangu siku hiyo ndugu yangu hakuvuka hata maji ya kifundo cha mguu bila kushika mkono wa mtu.

Sasa nieleze kosa letu, kwa maana mtu wa mjini hawezi kulifanya, na mkulima wa chai wa kule Kibugu hawezi kulifanya. Ni kosa la wapakiaji peke yao.

Mvua ya Novemba ikinyesha huko juu, mto unashuka siku mbili au tatu, unanguruma, halafu unaisha. Ukiisha unaacha mashimo yamejaa. Wiki hizo barabara ni matope na malori ni machache, na joto la kwetu mnalijua. Kila kundi la wapakiaji huenda kuoga kwenye shimo lake. Lake, si la wengine. Tulikuwa tukisikia kwamba wanafunzi wamezama kwenye mabwawa makubwa ya umeme kule chini, tunatikisa vichwa na kusema hao waliingia maji ya watu. Sisi tunaingia shimo letu. Tulilipima kwa beleshi, tunajua ukuta uko wapi, tunajua meza iko wapi. Unashuka kwa upande wa lori, unakanyaga meza, maji yanakufika kifuani, unajisugua, unarudi. Miguu inakumbuka ukingo wa meza kama inavyokumbuka kizingiti cha nyumba yako.

Hatukufikiria kwamba meza ni mchanga tu. Wakati wa kiangazi ilikuwa imeshikana, unaweza kurukaruka juu yake na beleshi limejaa. Lakini mto ulipopita juu yake siku tatu, ulikuwa unaila kutoka chini. Hatukuachiwa lile shimo letu likiwa limejaa maji. Mto ulikuwa umelichimba upya, na haukutuambia.

Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi. Watu wengi walikuwa wamerudi nyumbani kutoka Nairobi na Embu. Sisi wapakiaji tulikuwa kando ya shimo tangu asubuhi, tunatafuna muguka na kuchoma mguu wa mbuzi. Muguka nao niuweke kwa orodha ya wenye makosa. Yale majani yanakukausha koo na kukuambia kwamba wewe ni mwanaume kuliko wengine.

Lori moja tu lilikuwa pale. Dereva wake alikuwa Mwislamu wa Maua, mtu wa maneno machache, aliyenawa kwa maji ya mtungi wake mwenyewe hata mto ukiwa umejaa. Jana yake tairi lake la nyuma lilikuwa limekata ukingo na kuzama mpaka kwenye ekseli, na tulimtoa kwa shida kubwa.

Saa saba hivi, broka akaja. Broka ndiye anayetuunganisha na wenye malori. Alikuja na magari mawili ya wageni kutoka Embu mjini, wamebeba soda na spika ya muziki. Alikuwa amewaambia kwamba kwetu kuna bichi ya kuogelea. Akaniita mbele yao.

"Huyu ndiye fundi wa hapa," akawaambia. "Hili shimo amelichimba na mikono yake. Muulizeni."

Dada mmoja mwenye miwani nyeusi akaniuliza, "Kuna kina?"

"Kina kiko pale katikati," nikamjibu. "Huku ni kifuani. Mimi napajua hapa kuliko kitanda changu."

Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Siwezi kusema uongo. Hakuna siku mtu mwenye gari aliwahi kuniuliza jambo na kungoja jibu.

Dereva alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori. Akasema, bila kusimama, "Msiingie. Ukingo umeoza. Kama tairi yangu imezama huku juu, huko chini kukoje?"

"Wewe ni dereva wa lori ama wa maji?" broka akamuuliza, na watu wakacheka. Dereva akageuza uso.

Lakini wageni walikuwa wamesikia. Wakasimama pale pembeni na taulo zao, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Broka akaninong'oneza, "Waonyeshe basi. Ingia na mwenzako msimame, waone ni kifuani. Usiniaibishe."

Nikamwita ndugu yangu. Alikuwa anageuza nyama.

"Njoo, mtu wa mezani! Njoo tuwaonyeshe wageni."

"Acha mimi nishughulike na mbuzi," akasema. "Mimi na maji hatujawahi kutambulishwa."

Wageni wakacheka, naye akacheka. Angeachwa hapo. Nilipaswa kumwacha hapo. Lakini walicheka kwa utani wake na mimi nilitaka wacheke kwa wangu. Nikapaza sauti, "Mnaona mwanaume anaogopa shimo alilochimba mwenyewe? Huyu bibi yake humwogesha kwa kikombe, kama mtoto wa juzi!"

Walicheka sana. Yeye alianza kucheka nao, halafu kicheko kikamwishia katikati. Akaweka kisu chini. Akavua shati, akalikunja vizuri kama anayeliweka dukani, akaja.

Hakushika kiganja changu. Alishika hapa juu ya kifundo cha mkono, kwa nguvu, vile mtu anashika kamba. Tukashuka. Maji ya juu yalikuwa ya uvuguvugu, lakini kuanzia magotini kwenda chini yalikuwa baridi, baridi ya kitu ambacho hakijawahi kuona jua. Nilikanyaga meza, ilikuwepo. Naye akakanyaga. Maji yakamfika mbavuni kwa sababu ya urefu wake. Akatoa pumzi, akaniangalia akatabasamu. Alikuwa amenisamehe tayari, hiyo ndiyo tabia yake.

"Ruka kidogo waone!" broka akatuambia. Alikuwa amezunguka upande ule mwingine wa shimo, juu ya ukingo, mikono kiunoni.

Tukaruka. Mara ya kwanza, meza ilikuwepo. Mara ya pili tuliposhuka, haikuwepo.

Watu wanadhani anayezama hupiga kelele. Hakuna kelele. Kelele inataka pumzi. Nilifungua mdomo niite na maji yakaingia yakiwa na mchanga, yakakaa kooni kama uji uliopoa. Nilifungua macho nikaona rangi ya kahawia, halafu sikuona rangi yoyote. Mchanga wa meza ulikuwa unashuka pamoja nasi, unatupita, unanikwaruza tumbo na mapaja, na shimo lote lilikuwa linasogea kama mnyama anayejigeuza. Ndugu yangu bado alikuwa ameshika mkono wangu. Alikuwa ananivuta. Hakuwa ananivuta kwa ubaya, alikuwa anatafuta kitu cha kushika, na kitu hicho kilikuwa ni mimi. Niliuzungusha ule mkono nikamtoa. Nakumbuka vidole vyake vikiteleza kimoja baada ya kingine.

Halafu mguu wangu ukapata kitu kigumu. Nikafikiri ni meza. Nikakikanyaga nikajisukuma, na kichwa changu kikatoka nje. Nikasikia muziki. Spika ilikuwa bado inaimba na mtu mmoja alikuwa ameinua simu anatupiga picha, wanadhani tunacheza. Nikashika ukuta wa shimo na ukuta ukanibomokea mkononi. Nikashika tena, ukabomoka tena. Nikaanza kushuka.

Na mguu ukapata tena kile kitu. Safari hii kilisogea. Meza haisogei. Nilijua ni nini. Nataka msomaji aelewe hapo: mara ya kwanza sikujua, mara ya pili nilijua. Mikono yake ilikuja ikazunguka goti langu. Mimi nikakaza mguu, nikamsukuma chini, nikapanda.

Dereva ndiye aliyenitoa. Alikuwa amerusha ile kamba ya kufungia turubai la lori, na ilinipiga usoni. Nilipolala juu ya ukingo natapika mchanga, nilimwona akirusha kamba tena, na tena, na tena, kwenye maji ambayo yalikuwa yametulia.

Wageni waliwasha magari wakaenda. Hata nyama waliiacha. Wenzangu walichokoa shimo kwa miti mirefu mpaka jioni, na mti haukufika chini. Kesho yake wakaja vijana wanaovua samaki kule kwenye bwawa, wakafunga mmoja wao kamba kiunoni, wakamteremsha. Walimpata ndugu yangu amefunikwa na mchanga mpaka kifuani, amesimama. Ndiyo, amesimama. Bega lake la kushoto lilikuwa limechubuka ngozi. Mtu wa mochari akasema ni mchanga, nami nikasema ndiyo, ni mchanga.

Mama yetu alikuwa ameshakufa, na ni mara ya kwanza nilishukuru.

Kwa mazishi, mhubiri alisimama akasema kuna upendo upitao upendo wote, nao ni wa ndugu anayejitupa majini kumwokoa nduguye. Sijui nani alimwambia hivyo. Labda watu waliona nimetoka nimechubuka mikono wakajitungia. Watu wote waligeuka wakaniangalia kwa huruma. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Ningeweza kusimama. Nilifunga kifungo cha koti langu ambacho kilikuwa tayari kimefungwa.

Mke wa ndugu yangu akanishika mikono yote miwili kaburini. "Shemeji," akasema, "ulijaribu. Mungu aliona."

Hilo neno lilinikaa mwilini mwaka mzima. Kila akivuna ndengu alinitumia kikombe cha kwanza. Akipika muthokoi wa mahindi na maharagwe anaita watoto wake, "Pelekeeni baba yenu mkubwa." Nilikula. Kila kijiko nilihisi kina mchanga.

Hapo ndipo niwataje wengine. Mwenye shamba la ukingoni aliahidi mbele ya wazee kwamba mashimo yatafukiwa kabla ya kila mvua, na hakufukia hata moja, kwa sababu shimo lililofunguka ni rahisi kuanza kuchimba tena. Chifu alijua. Alikuwa akipita pale na pikipiki yake, anatusalimia, anapokea mguu wa mbuzi, anaenda. Broka aliuza mahali ambapo hakuwahi kuingiza hata kidole cha mguu. Wale wageni waliona mtu anakufa wakapiga picha, na picha ilipokwisha wakaondoka. Na sisi wapakiaji sote, ambao tulikuwa tunaoga kwa kiburi miaka na miaka na kuwaita waliozama wajinga.

Mvua ya mwaka uliofuata ikaja. Mto ukashuka, ukaisha, na shimo letu likawa kubwa mara mbili, kwa sababu kuta zilikuwa zimeanguka. Ukiliona ni zuri. Maji yametulia, ya kijani, ndege wanashuka kunywa. Broka akaweka viti vya plastiki na miavuli. Akaandika kwenye ubao: BICHI, KARIBUNI NA FAMILIA. Jumapili ya kwanza, magari manne. Watoto wenye maboya ya rangi.

Mke wa ndugu yangu alikuja kwangu siku iliyofuata, ametembea kwa miguu kwenye jua. Hakukubali kiti.

"Shemeji, umeona wamelifungua tena?"

"Nimeona."

"Chifu ana baraza Alhamisi. Nataka lifukiwe kabla ya Krismasi. Mimi nikisimama watasema ni uchungu wa mjane, wataniambia pole mama, keti. Wewe ulikuwa ndani. Wewe ukiwaambia vile maji yanafanya, watasikia."

"Nitasema," nikamwambia.

"Useme yote."

"Nitasema yote."

Alipoondoka nilikaa kwenye kile kiti alichokataa.

Jumanne nikakutana na broka kwenye hoteli ya chai pale Kiritiri. Alikaa mbele yangu bila kukaribishwa, akavunja chapati yangu akala kipande.

"Nasikia una hotuba Alhamisi."

Nikavuta sahani ya chapati upande wangu.

"Nenda, mzee. Ongea. Sema broka ni mbaya, broka alileta watu. Ni kweli, nilileta." Alitafuna polepole. "Lakini nilikuwa nimesimama wapi mimi?"

"Upande wa pili."

"Upande wa pili, juu. Wewe ulikuwa unaangalia kamba. Mimi nilikuwa naangalia miguu yako. Yale maji ya juu yanapitisha macho, unajua? Niliona mikono yake ikikushika goti." Akasimama, akapangusa mafuta kwa suruali. "Kwa hivyo ukiongea, ongea yote, usiruke bega. Ukiruka, nitakukumbusha mbele ya shemeji yako. Ama unyamaze, tule Krismasi sote."

Niliogopa. Nimewahi kuogopa nyoka, nimewahi kuogopa ukuta wa mchanga ukinimwagikia, nimeogopa maji. Huo uoga ni wa mwili na unaisha ukishatoka. Huu wa broka ulikaa. Jela sikuiogopa. Niliogopa uso wa mwanamke mmoja. Niliona vile utabadilika, na baada ya kubadilika hautarudi, na sitaitwa tena shemeji na yule mtu wa mwisho anayemkumbuka ndugu yangu kama mimi ninavyomkumbuka.

Jumatano nilienda kwake nimwambie kwanza, tukiwa wawili. Nilimkuta anapepeta ndengu. Akaniambia, "Umekuja vizuri, hebu nisaidie kusogeza hili pipa." Pipa lilikuwa limejaa maji ya mvua mpaka mdomoni. Nililishika, nikaangalia ndani, nikaona uso wangu na chini yake weusi. Nikaliachia. Nikamwambia nimekumbuka mbuzi wangu, nikaondoka. Hivyo ndivyo nilivyo. Nilikimbia pipa.

Alhamisi baraza lilikuwa kwenye uwanja wa soko. Chifu alizungumza kwanza juu ya vitambulisho, halafu juu ya mbuzi wanaoingia mashamba ya watu. Broka alikuwa amekaa karibu na mwenye shamba, miguu ameitandaza. Mke wa ndugu yangu alikuwa upande wa akina mama, mbele kabisa, ameinua uso ananiangalia kama mtu anayemsukuma mwenzake mgongoni. Siku tatu zilibaki kufika Jumapili ya watu wengi. Nilijua nikinyamaza, mtoto wa mtu atasimama juu ya meza nyingine siku hiyo hiyo.

Nikainua mkono.

Niliwaambia juu ya meza na vile mto unaila. Niliwaambia kwamba anayezama haiti. Niliwataja: mwenye shamba pale, broka pale, chifu wewe mwenyewe, na mguu wa mbuzi uliokula. Watu wakaguna. Chifu akaangalia kitabu chake. Broka akaanza kuinuka, taratibu, na tabasamu mdomoni, na nikajua ni sasa.

"Keti," nikamwambia. "Nitasema mwenyewe."

Nikamgeukia mke wa ndugu yangu, kwa sababu wengine wote hawakuwa na maana.

"Hakutaka kuingia. Nilimcheka mbele ya wageni mpaka akaingia. Na sikumwokoa. Mhubiri alidanganywa. Tuliposhuka, nilimkanyaga bega nikapanda."

Ukasikia tu mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara.

Akasimama. Hakulia. "Ulijua ni yeye?"

"Mara ya kwanza hapana."

"Kulikuwa na mara ya pili?"

"Ndiyo."

"Hiyo ulijua?"

"Nilijua."

Niliona uso wake ukibadilika, kama nilivyoogopa, pole pole, kuanzia kwenye macho. Kisha akageuka kwa chifu.

"Andika shimo lifukiwe," akasema. "Hayo mengine ni ya nyumbani."

Akaketi.

Lilifukiwa. Akina mama ndio waliofanya, si chifu. Walikaa barabarani na kuzuia malori mpaka mwenye shamba akaleta trekta. Tulimaliza kwa beleshi, sisi tuliochimba. Broka alihamisha viti vyake. Nasikia ana mahali pengine upande wa juu, na watu wanaenda. Mto una mashimo mengi na kila shimo lina watu wanaosema wanalijua.

Siku ya kufukia, mke wa ndugu yangu alikuja na beleshi. Ni la mume wake, nililitambua kwa mpini. Alifanya kazi kutoka asubuhi upande ule, mimi upande huu, na hakuniangalia. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Jua lilipoanza kushuka, ardhi ikiwa sawa, akaja mpaka niliposimama. Ananuka jasho na vumbi kama sisi.

"Watoto sijawaambia," akasema. "Nimewakataza watu wasiwaambie. Nitawaambia mimi, wakifika umri wa kuelewa. Halafu watakuja kwako kuuliza, mmoja mmoja. Usikimbie siku hiyo."

"Sitakimbia."

"Utataka."

Akaweka beleshi begani akaenda. Hajaniita shemeji tangu siku hiyo, na ndengu haziji tena.

Mkubwa wa watoto wake ni msichana. Ana miaka kumi na miwili sasa, na amerithi urefu wa baba yake. Mara nyingine anatumwa kwetu kuomba kiberiti au chumvi. Nikisikia mlango wa nje ukisukumwa, naacha ninachofanya. Naangalia anavyoingia, kama anatembea haraka, kama anatembea pole, kama anaangalia chini au anaangalia mimi. Akisema, "Baba mkubwa, mama ameuliza kama mna chumvi," najua si leo. Mke wangu anampa chumvi. Mimi naketi, nangoja siku nyingine.